Pembe za Kitambaa Chekundu

Ninyi mnaoanza kazi ya sindano mnakuja hapa Woodley kunisalimu, mnakaa kwenye kochi langu na simu zenu mkononi, na swali la kwanza ni lile lile: Mama Ndinda, tununue mashine gani? Mashine ni mashine. Siku hizi kuna zile za kompyuta kule mjini, unaipa picha ya njiwa, unakwenda kunywa chai, ukirudi njiwa yuko tayari na jicho lake. Sizipingi, ingawa sijapata kumwona njiwa wa kompyuta asiye na jicho la mlevi. Ila hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza namna ya kushuku, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kushona ni mwisho wa kazi.

Mimi nilishona nguo za kanisa: kanzu za makasisi, stola, mapazia ya mimbari, vitambaa vya madhabahu. Kibanda changu kilikuwa Kenyatta Market, wasusi huku, wachoma nyama kule. Kila kitambaa changu kililala ndani ya mifuko miwili ya plastiki, maana hakuna aibu kama kasisi kubariki watu huku ananukia mbavu za mbuzi. Watu walicheka hiyo mifuko. Nilishuku moshi, nilishuku mafuta ya nywele, nilishuku vidole vya wateja waliotoka kula. Mteja akinyoosha mkono kugusa hariri, nilimpa kitambaa cha maji kwanza. Wengine walinuna, lakini walirudi.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, fundi wa Kimaragoli aliyekuwa na karakana katikati ya mji, juu ya ngazi nyembamba ambazo hata paka alipanda akihema. Mzee Barasa hakumwamini mtu yeyote, na hilo lilinipa moyo, kwa sababu mimi pia nilizaliwa hivyo. Asubuhi alininusa mikono ajue kama nimekula mandazi kabla ya kushika kitambaa cheupe. Na kila kitambaa chekundu kilipoingia karakana, alikikaribisha kama mtu anayekaribisha mkwe wa mashaka. "Nyekundu ni mwongo," alisema. "Nyeupe inachafuka ukiona. Nyekundu inangoja siku ya harusi."

Kwa hiyo aliipima. Mnachukua kipande cheupe cha pamba, mnakilowesha maji yenye chumvi kidogo, mnasugua ile nyekundu kwa nguvu, kisha mnapitisha pasi juu ya vyote viwili. Kile cheupe kikibaki cheupe, shoneni. Kikigeuka waridi, hiyo nguo inachuja, rudisheni dukani hata kama mwenye duka ni shemeji yenu. Hasa kama ni shemeji yenu.

Jambo jingine alilonifundisha ni uzito wa pembe. Kitambaa cha madhabahu huning'inia mbele, na makanisa yetu yana milango mikubwa. Upepo ukiingia, kitambaa chepesi kinapanda juu kama sketi, na watu wazima wanakosa mahali pa kutazama. Basi ndani ya pindo, kwenye kila pembe, tunashona kipande bapa cha risasi, ile ya kuzamishia nyavu, kimefungwa kwa pamba. Mwenzangu mmoja alitaka njia ya mkato akaweka nati za chuma. Masika yalipofika zikashika kutu, na pembe zote zikatoka madoa ya kahawia. Waumini wakasema madhabahu inatokwa na jasho. Kuna bibi aliyekuja kuombea goti lake hapo.

Sasa nitawaambia habari ya kitambaa cha Pentekoste, kwa sababu hapo ndipo kushuku kwangu kulikaribia kumtoa mtu kanisani, na kukamrudisha.

Ilikuwa miaka michache tu kabla sijafunga kibanda. Katika kanisa letu, wazazi wa watoto wanaopata kipaimara huleta zawadi ya madhabahu, na mwaka huo askofu angekuja Jumapili ya Pentekoste kuwawekea mikono. Wazazi walimtuma mwalimu wa darasa hilo, Nafula, kuleta oda. Nafula ni mtu wa Kitale, mwembamba, ana sauti ya kuongea na watoto hata akiwa anaongea na mtu mzima. Alikuwa amepanga chumba Kinoo. Kwa kuja kutoka mbali hivyo kila Jumapili, na makanisa yote yale yaliyoko njiani, mimi nilikuwa nimeshamtilia alama.

"Shikamoo Mama. Nataka kitambaa nyekundu," akasema. "Moto iwe hapa juu, kama kawaida. Lakini huku chini unishonee masuke ya ngano, na mikate mbili."

"Mikate miwili ya nini?"

"Ya Pentekoste."

Nikasimamisha cherehani. Pentekoste nimeitarizi tangu ujana: ndimi za moto, njiwa, upepo ukiweza kuutarizi. Mkate sijawahi. Nikamwambia aketi kwenye kile kistuli cha wateja ninaowashuku, kina mguu mmoja mfupi.

Akaeleza, akijishikilia asianguke. Watu wanadhani Pentekoste ilianza siku moto uliposhuka juu ya mitume, alisema, lakini ilikuwa sikukuu tayari. Wayahudi walihesabu majuma saba tangu Pasaka, na siku ya hamsini wakasimama mbele za Mungu na ngano yao ya kwanza. Hata jina lenyewe ni Kigiriki, ndiyo hiyo hamsini. "Kwani Mama, hujawahi kujiuliza kwa nini Yerusalemu ilikuwa imejaa watu wa kila lugha siku hiyo? Walikuwa wamekuja sikukuu ya mavuno. Roho akawapata hapo hapo na mizigo yao."

"Na mikate?"

"Kuhani aliinua mikate mbili, ya unga ya ngano mpya. Imetiwa chachu."

Hapo nikavua miwani. Kwetu kanisani chachu ni jina la pili la dhambi. Kila Pasaka tunahubiriwa kuiondoa. Nikamwuliza kama anajua anachosema.

"Pasaka hawakuwa na chachu kwa sababu walikuwa wanatoroka, Mama. Hakuna mtu anangoja unga iumuke akikimbizwa. Pentekoste wameshafika. Wako na shamba, wako na jioni ya kukaa. Ndiyo maana mkate inaumuka." Akaongeza kwamba baadaye Wayahudi waliikumbuka siku hiyo pia kama siku Musa alipopewa sheria mlimani, mlima ukiwaka. "Kwa hivyo hata moto si mgeni. Sisi tumepewa nguo ambayo ilikuwa imeshavaliwa."

Maelezo yalikuwa mazuri, na hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Kitambaa kinachong'aa dukani nakipeleka mlangoni nikione kwa jua. Nikamwuliza mavuno gani mwezi wa tano. Kwetu Machakos tulishavuna tukala tukamaliza, na kwao Kitale mahindi ndiyo kwanza yanapaliliwa.

"Ya huko ilikuwa ngano," akasema. "Sisi tunaazima tarehe."

Alipoinuka kwenda, akashika pindo la kitambaa kingine kilichokuwa mezani, akabonyeza pembe. "Hapa ndani unaweka nini?"

"Risasi, kisipeperushwe na upepo."

"Na mtu akitaka kuweka kitu kingine?"

"Kitu gani?"

Akatabasamu, akaniaga. Mteja anayeuliza habari ya ndani ya pindo ni wa kuandamwa kwa macho mpaka apinde kona, na ndivyo nilivyofanya.

Kabla ya juma kwisha akaja Bwana Kimeu, mzee wa kanisa. Yeye ni Mkamba mwenzangu, mrefu, amestaafu ofisi ya serikali, na koti lake lilivaliwa hata Januari. Alileta bitana, kitambaa cha kushonea upande wa ndani. Alisema amekipata mjini kwa bei ya kupendeza. Nikakisugua mbele yake kwa pamba yenye maji, pamba ikatoka waridi.

"Bwana Kimeu, hii inachuja."

"Nani ataifua? Si ni ya madhabahu? Shona tu."

Kisha akageuza maneno, akaanza Kikamba, sauti chini. Alitaka kujua Mwalimu Nafula ameagiza nini hasa. Nilipomwambia habari ya ngano na mikate, akakaa kwenye kile kistuli kibovu bila kuambiwa. "Sikukuu za Wayahudi," akasema. "Na anatoka Kinoo. Wewe ni mtu wetu, Mama Ndinda. Ukiona kitu, niambie mimi kwanza."

Vijana, sikilizeni hapa. Mtu akikuletea shaka na kuomba iwe siri ya nyinyi wawili, mpime yeye kabla ya kupima anayemshuku. Mimi nilimjibu kwamba nikiona kitu nitakiambia kanisa zima, nikashona bitana yake kwa shingo upande, nikaweka kando vipande vilivyobaki. Vipande situpi kamwe. Kila fundi hushinda au hushindwa kesi kwa kipande kilichobaki.

Kitambaa kilitoka kizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Masuke yalisimama utadhani yamepigwa na upepo, mikate miwili ikavimba. Nafula alikichukua ili akipige pasi nyumbani, akakileta kanisani Jumapili iliyotangulia Pentekoste, tukakijaribu madhabahuni baada ya ibada. Bwana Kimeu akapita mbele yake taratibu, mikono nyuma. Akainama. Akabonyeza pembe moja, halafu nyingine.

"Kuna kitu kimeshonwa humu," akasema.

"Ni risasi yangu," nikajibu.

"Risasi haitembei."

Tukahamia ukumbini, wazee wa kanisa, kasisi, wazazi kadhaa, na Nafula akiwa amesimama karibu na dirisha. Kitambaa kikatandazwa mezani, nami nikaitwa nilete mkasi wangu mdogo. Nilibonyeza mwenyewe. Risasi ilikuwapo, na kando yake kitu cha chembechembe kikihama chini ya kidole. Nikageuza pindo nikatazama mishono. Yangu ni midogo, imelala upande mmoja. Hii ilikuwa mirefu, ya mtu aliyeshona kwa haraka na hofu. Nikasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Hapa si mkono wangu." Nilisema kweli, na nikaona uso wa Nafula ukipoteza rangi.

Nikafumua. Zikaanguka mezani punje, kidogo tu, mfano wa zile unazoweza kuficha kwenye kiganja. Zilikuwa nyekundu. Zilikuwa na unyevu unyevu na nyekundu, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Damu."

Pembe zote zilikuwa hivyo.

"Ni ngano," akasema Nafula. "Niliiweka mimi. Ni ya kwetu, ndugu yangu alinitumia kutoka mavuno ya mwaka jana. Hiyo nyekundu sijui imetoka wapi."

"Mganga naye huanza na nafaka," akasema Bwana Kimeu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Na kwa nini uifiche? Na kwa nini pembe zote? Watoto wetu watapiga magoti mbele ya hiki kitu."

Kitambaa cha madhabahu chenye hirizi ndani yake. Sote tuliwaza hilo, hata waliosoma mpaka chuo kikuu, na msidanganywe na mtu anayesema hakuwaza. Nafula akafungua kinywa kueleza, lakini kila alipoanza mtu mwingine alimkatiza kwa maombi. Kasisi wetu, kijana mpole aliyeogopa wazee, akasema kikao kitarudi Jumamosi. Mpaka hapo Nafula asifundishe. Na jambo lisipokuwa limetengemaa, atampigia askofu simu asije, kipaimara kisubiri mwaka mwingine, na darasa litafutiwe mwalimu mpya.

"Hizi punje zitakaa na nani?" mtu akauliza.

"Mama Ndinda," akasema kasisi. "Yeye haamini mtu."

Nililichukua kama sifa.

Nyumbani nilizimwaga kwenye kisahani nikazitazama. Marehemu nyanya yangu alikuwa akisema nafaka ya mganga hukaangwa kwanza ili isiote, kwa sababu kitu cha kuua hakitakiwi kiwe na uhai ndani yake. Sijui kama ni kweli, sijawahi kuwa na mganga wa kumwuliza. Lakini nilikuwa na kitu cha kupima na nilijua kupima. Nikachukua kipande cheupe cha pamba, nikakilowesha, nikapanga punje za pembe zote nne humo, nikakunja. Chumvi niliiacha, maana chumvi huua mbegu. Pasi pia niliiacha. Nikakiweka dirishani jikoni, nikafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, kwa kuwa nilikuwa nimemshuku hata mpangaji wangu.

Asubuhi pamba ilikuwa imegeuka waridi. Waridi hiyo niliifahamu kama ninavyofahamu sauti ya jirani. Nikatoa kipande cha ile bitana ya Bwana Kimeu, nikakilowesha, nikakisugua kwenye pamba nyingine. Rangi ikawa ile ile. Nafula alikuwa amepiga pasi pindo kwa kitambaa cha maji ili lilale, kama ninavyofanya mimi, na bitana ikachuja juu ya punje. Damu ilikuwa imetoka dukani kwa bei ya kupendeza.

Msifurahi upesi. Hilo lilinionyesha kwamba si damu. Halikunionyesha punje ni za nini. Nikakunja tena, nikaongeza maji.

Katikati ya juma Bwana Kimeu akaja kibandani. Alisema nimpe zile punje, kuna mtu anayejua mambo hayo angezitazama. Nikamwuliza ni mtu gani huyo anayejua mambo ya waganga, na amejuana naye wapi. Akavuta kile kistuli kibovu, akaketi. Kwa jirani nyama ilikuwa ikikatwa kwenye kigogo.

"Nina dada," akasema hatimaye. "Alianza hivi hivi. Watu wa dhehebu fulani la huko Kinoo walimfundisha sikukuu. Ya vibanda, ya tarumbeta, ya majuma. Nikaona ni kusoma tu. Baadaye wakamwambia sisi ni najisi, asile kwetu. Akauza kitanda. Yuko Kinoo, chumba ninakijua."

"Mmeonana?"

"Alikuja getini mwaka jana, mvua inanyesha. Sikufungua. Sikujua ni nani amemtuma."

Sikumpa punje. Lakini kuanzia hapo sikumwona tena kama mtu mbaya, nilimwona kama mtu aliyeogopa akakosa pa kuiweka hofu yake. Na huyo ni wa hatari zaidi, kwa hiyo niliendelea kumshuku, ila kwa huruma.

Siku iliyofuata nikaenda Kinoo mwenyewe, nikijifanya ninarudisha sindano aliyoisahau kwangu. Nilitaka nione chumba cha Nafula kabla hajapata nafasi ya kukipanga. Mtu wa dhehebu la siri hujulikana kwa vitu vyake: picha zimeondolewa ukutani, vyombo vimetengwa, viatu vya wageni wengi mlangoni. Nilikuta picha ya marehemu baba yake, kalenda ya duka la mbolea, na jozi moja ya sandali. Na kwenye jiko, ndani ya sufuria, mkate. Niseme kilikuwa kitu kilichokusudiwa kuwa mkate. Kingine cha namna hiyo kilikuwa mezani, nacho kigumu kama tofali.

"Nilitaka mikate mbili ya kweli ya Jumapili," akasema. "Imekataa kuumuka."

Nikanusa pakiti ya hamira. "Hii ilikufa zamani. Ulinunua wapi?" Nawaambia kweli, hapo moyo wangu ulianza kulegea. Mtu mwenye mafundisho ya siri angalau angejua kuoka.

"Kwa nini hukuniambia unataka kuweka ngano?"

"Ungekataa."

"Ningekataa. Ngano ni chakula cha panya. Na fukusi je?"

Akacheka, kisha akalia, vyote kwa pumzi moja, ameshika kile kitofali. Alisema hajali kuambiwa asifundishe, atarudi Kitale kama ni lazima. Kinachomuuma ni wale watoto. "Wataambiwa walifundishwa na mchawi, Mama. Kila kitu nilisema nao, hata Baba Yetu, wataanza kuikagua kama iko na sumu." Nilitaka kumwambia kwamba kukagua si kubaya. Nikaona si mahali pake, nikamwoshea sufuria.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko siku ya mkutano wa kuchagua viongozi. Kasisi aliomba kwa muda mrefu. Kisha nikaitwa, nikaweka mezani kisahani kilichofunikwa.

Kwanza nilitoa kipande cha bitana na pamba yenye maji. Nikamkabidhi Bwana Kimeu asugue mwenyewe, kwa sababu ushahidi wa fundi usiuguse wewe, mpe anayekataa. Akasugua. Akatazama kidole chake.

"Hii ni bitana yangu," akasema.

"Ndiyo, Bwana Kimeu. Nilikwambia."

Kisha nikafunua kisahani. Ile pamba ilikuwa waridi kama mashavu ya mtoto wa Kizungu, na humo ndani ngano ilikuwa imeota. Ilikuwa imesimama kijani, mizizi yake imeshikana na uzi, majani mengine yamefika urefu wa kidole. Mtu akasogeza kiti. Bwana Kimeu akainama, akanyoosha mkono, akagusa ncha moja kama anayeogopa kuumwa.

"Imeota," akasema kwa Kikamba. Nyanya zetu walikuwa wa kijiji jirani, nilijua amekumbuka neno lile lile, la nafaka ya mganga isiyoota. Alinyooka akamtazama Nafula, na kwa mara ya kwanza juma lile aliuliza swali huku akingoja jibu.

"Kwa nini pembeni?"

Nafula alizungumza polepole, ile sauti ya darasa. Alisema sheria ya sikukuu hiyo ina kipande ambacho watu hukiruka. Baada ya mambo ya mikate na sadaka, Mungu anawaambia: mkivuna, msifagie shamba lote. Pembe ziacheni. Hizo ni za maskini na za mgeni. "Nilitaka watoto wakipiga magoti, kitambaa iwe na pembe zenye si zetu. Nilijua tukiitangaza itakuwa mnada, kila mtu alete gunia aonekane. Nikaona niifiche tu. Nilikosea kuificha. Lakini ni hiyo tu."

Hakuna aliyeomba wala kukatiza. Bwana Kimeu alikaa chini. Alitoa leso, akajifuta kile kidole chenye waridi, akaendelea kujifuta hata baada ya rangi kutoka.

"Mama Ndinda," akasema, "shona pembe."

Kasisi akamwambia Nafula awaite watoto wake, wana mazoezi ya kesho.

Nilishona pale pale ukumbini. Nikamwuliza Nafula kama amebakiza punje kavu, akafungua leso. Nikazitia kwenye pamba mpya, kando ya risasi, na kila pembe nikaweka jani kavu la mwarobaini kwa ajili ya fukusi, kwa sababu imani ni imani na mdudu ni mdudu. Bitana nayo nikaibadilisha, nikatia isiyochuja. Mishono safari hii ilikuwa ya mkono wangu, midogo, imelala upande mmoja.

Jumapili nilikwenda mapema nikakaa benchi la mwisho kabisa, kwenye pembe karibu na mlango. Hukaa hapo nione anayeingia. Kitambaa kilitulia madhabahuni, hata mlango ulipofunguliwa hakikupanda. Askofu akafika, watoto wakaingia na nguo zao nyeupe, Nafula nyuma yao. Kiti cha Bwana Kimeu mbele kilikuwa kitupu, jambo ambalo halijawahi kutokea, nami nikaanza kuwaza yuko wapi na anapanga nini.

Tulikuwa katika somo la pili alipoingia. Alikuwa na mwanamke mwenye pua kama yake, kitambaa kichwani kimefungwa mpaka kwenye nyusi, viatu vina tope la Kinoo. Bwana Kimeu hakwenda mbele. Walisimama karibu nami, wakitafuta pa kukaa. Nilimtazama huyo dada kuanzia viatu hadi kilemba, nikatazama mikono yake, nikatazama mfuko aliobeba. Nilimshuku papo hapo.

Kisha nikasogea.